Gauni la Naibu

Naibu hakuwa mtu wa kubisha hodi. Alisimama langoni, akakohoa mara moja, kisha akasema alichokuja kutaka. "Nipeni maji ya kunywa." "Kuna kisu hapo? Changu kimepotea." "Mama, nikatie sukumawiki kidogo, zangu kuku wamemaliza." Alikuwa naibu wa chifu katika kata ndogo yetu, upande wa Magwagwa, na alikalia kiti hicho muda mrefu hata vijana aliowakuta wakinyonya walikuja kwake kuomba barua za kitambulisho wakiwa na ndevu.

Sitalitaja jina lake. Si siri, ila hakuna aliyelitumia. Hata mumewe alimwita Naibu. Habari za ukoo wake waulize wazee wa huko kwao. Mimi nitasema niliyoyaona.

Nilichelewa kuelewa kwamba kisu chake hakikuwa kimepotea. Aliniambia mwenyewe siku moja tukitoka kwenye mkutano, mvua ikituzuia chini ya baraza la duka. "Mwalimu, serikali ikija kwako na kitu, unaogopa. Unajiuliza inataka nini. Lakini ikija kuomba chumvi, unacheka, unafungua mlango. Sasa mimi nikiwa ndani ndio naona nani hali, nani halali, nani amepigwa." Hivyo ndivyo alivyozijua nyumba zetu: kwa kuombaomba. Watu wengine walimdharau kwa tabia hiyo, wakasema mshahara anakula wapi. Yeye alicheka tu, akaomba tena.

Serikali ilipotaka kila eneo liwe na kamati ya kuzuia itikadi kali na kuwalinda wanyonge, alifanywa mwenyekiti wa yetu. Mimi nilikuwamo kwa upande wa walimu. Wengine walikuwa muuguzi wa zahanati, katekista wa Kikatoliki, mzee wa kanisa la Wasabato na kiongozi wa waendesha bodaboda. Naibu aliiita "kamati ya jina refu". Siku ya kwanza alikuja afisa kutoka mjini, akatuonyesha ukutani picha za watu wenye bunduki jangwani. Tukatikisa vichwa kwa heshima. Naibu akainua mkono.

"Asante kwa picha. Hao watu wa mchanga sisi hatuna. Hapa ni chai na ndizi. Lakini kile kitu kiliwapeleka huko, hicho tuko nacho."

Afisa akamuuliza ni kitu gani.

"Upweke," akasema. Kisha akatugeukia sisi wanakamati. "Mtu akiacha kukopa chumvi kwako, mtembelee. Hiyo ndiyo kazi. Sasa tufungue mkutano kwa maombi ama tumeshafunga?"

Kiswahili chake kiliniua. Mimi ni mwalimu wa somo hilo, na yeye ngeli alizivuka kama mtu avukavyo mtaro, bila kutazama chini. "Hii watoto wako", "hiyo maneno mbaya". Nilipojaribu kumrekebisha mara moja, aliniuliza, "Umenielewa ama hujanielewa?" Nikasema nimemwelewa. "Basi peleka hiyo kalamu nyekundu kwa wanafunzi."

Alikuwa Msabato wa kutegemewa, mzee wa kanisa, mwalimu wa watoto katika shule ya Sabato. Vilevile alikuwa mwongo hodari kuliko wote niliowahi kujua, na mambo hayo mawili yaliishi ndani yake bila kugombana.

Kulikuwa na mjane mmoja aliyeishi peke yake juu ya kilima, karibu na kituo cha kuuzia majani chai. Sote tulimwita Magokoro, yaani nyanya. Mtoto wa jirani yake alifariki, na kabla matanga hayajaisha maneno yakaanza: Magokoro ana macho mekundu, anaongea peke yake njiani, alimshika mtoto yule kichwa wiki iliyopita. Anayeijua nchi yetu anajua maneno ya namna hiyo huishia wapi. Wazee wengi wamechomwa ndani ya nyumba zao kwa maneno mepesi kuliko hayo.

Vijana walipopanda kilima mchana mmoja, na mapanga na galoni ya petroli, walimkuta Naibu amekaa kwenye kizingiti cha Magokoro akimenya ndizi mbichi. Kulia kwake aliketi Magokoro. Kushoto kwake aliketi mama wa mtoto aliyekufa. Naibu alikuwa amekwenda kwa mama huyo tangu asubuhi, akalia naye hadi machozi yakaisha, ndipo akamwomba wapande kilima pamoja.

Mama yule ndiye aliyesimama kwanza. Sauti yake ilikuwa imekauka.

"Mtoto wangu aliuawa na malaria. Daktari aliniambia, na nilikuwa hapo. Siku zote nilizolala hospitali, huyu magokoro ndiye aliwapikia watoto wangu wengine uji. Sasa nyinyi mnataka kuniongezea maiti ya pili?"

Kijana wa mbele alitazama viatu vyake. Naibu hakuacha kumenya.

"Na gari ya polisi iko hapo chini kwa daraja," akasema. "Nimewaambia wangoje kwanza, nione kama hapa juu kuna wahalifu ama kuna majirani. Niwaambie nini?"

Kisha mmoja nyuma akasema, "Majirani."

"Basi hiyo galoni iwekeni chini, na hii ndizi ni nyingi, tafuteni mahali mkae."

Hakukuwa na gari lolote. Gari la kituo lilikuwa limekaa bila mafuta, na Naibu alijua, kwa sababu alikuwa amepiga simu mapema akaambiwa. Nilimkabili kwa hilo baadaye, nikamwuliza mzee wa kanisa anasemaje uongo hivyo.

"Nilisema gari iko kwa daraja."

"Na gari haikuwepo."

"Daraja iko," akajibu.

Galoni ile aliibeba mwenyewe hadi kituoni, akawapa polisi wajaze tangi. "Sasa gari pia iko," akasema. Na vijana wale wale aliwapangia zamu ya kumchotea Magokoro maji. Wa kwanza walikwenda kwa aibu. Baadaye walikwenda kwa sababu Magokoro aliwachekesha. Bibi yule alikufa kwa uzee, kitandani kwake, na jeneza lake lilishushwa kilima na mabega yale yale yaliyopanda na mapanga.

Mwanamke aliyeketi mbele ya mapanga aliogopa bata mzinga. Palipokuwa na bata mzinga uani, Naibu hakuingia. Angesimama barabarani na kaki yake ya serikali akipiga kelele, "Fungieni huyo mnyama!" Aliwahubiria watu subira na yeye mwenyewe hakuweza kungoja chai ipoe, aliinywa ikichemka akaungua ulimi, akailaumu chai. Aliendesha baraza kwa saa kali, aliyechelewa alisimama hadi mwisho, lakini kanisani alifika wimbo wa pili ukiisha. Na alikuwa na hasira. Niliwahi kumwona akimvua askari kofia mbele za watu kwa kumsukuma mzee. Alipoambiwa aombe radhi, aliomba radhi kwa kofia.

Yote hayo nayajua kama wanakijiji wengine. Lakini kuna jambo ninalolijua kwa sababu liliingia nyumbani kwetu.

Dada yangu mkubwa, Kwamboka, alisomea ualimu akafuzu vizuri. Akangoja kuajiriwa. Mwaka ukapita, mwingine ukapita, wadogo zake tukaajiriwa, yeye akangoja. Mumewe akaenda ng'ambo kutafuta kazi, akanyamaza. Kwamboka akanunua cherehani, akapanga kibanda cha mabati pale sokoni, akawa fundi mzuri sana, mwenye binti mmoja, Moraa, aliyeugua pumu. Kwa nje mambo yalikuwa sawa. Sisi ndugu zake tulimwona kwenye sikukuu, tukamsifu kwa bidii, tukaenda zetu.

Kisha akaja mtu aliyeitwa Mtume. Hakuja kwa miguu, alikuja kwa simu. Kila alfajiri alituma ujumbe wa sauti, na alikuwa na sauti nzuri, ya polepole, kama ya mtu aliyekaa kando ya kitanda chako. Mwanzoni hakutaja vita wala adui. Alisema, "Wewe uliyesahauliwa, mimi nakuona." Baada ya miezi maneno yakageuka. Shule ni mtego. Hospitali ni mtego. Kitambulisho ni alama ya yule mwovu. Ndugu anayekukataza ndiye adui wa kwanza, na siku ya adui inakuja, nanyi mtasimama upande upi? Wafuasi wake walijiita Watu wa Lango. Alikuwa na shamba mahali mbali, hakusema wapi, ambapo wangeishi bila simu wala vitabu wala dawa, wakingoja.

Dada yangu akaacha kuja nyumbani. Akamtoa Moraa shuleni. Akatupa vyeti vyake vya ualimu motoni, na mama yetu akaviokoa vikiwa vimeungua pembe. Nilikwenda kumwona na Biblia yenye vikaratasi kila ukurasa. Kwa kila aya niliyomtolea alikuwa na yake, na sote wawili tuliishia kupiga kelele. Mimi nilikuwa na hoja. Naibu alikwenda na kitambaa.

Mama yetu ndiye aliyemwendea. Kesho yake Naibu alisimama nje ya kibanda, akakohoa, akaingia na kitenge cha kijani.

"Kwamboka, nataka gauni. Mtoto wa dada yangu anaoa."

"Naibu, mimi nimeacha kushonea watu wa dunia."

"Mimi si wa dunia," akasema Naibu. "Mimi ni wa serikali."

Mwenye duka la jirani alituambia alisikia Kwamboka akicheka, akadhani ni mteja, kwa kuwa alikuwa amesahau kicheko chake kilivyo.

Gauni lile halikuisha. Wiki ya kwanza lilibana kifuani. Wiki ya pili lilipwaya. "Lakini Naibu, juzi ulisema linabana." "Juzi nilikuwa nimekula." Kola ikabomolewa, ikashonwa ya duara, duara ikakataliwa. Dada yangu alilalamika, lakini fundi mzuri hawezi kuacha kazi mbaya itembee na jina lake, na kila mara alichukua pini akaanza upya. Mtu aliyejaa pini haendi popote, kwa hiyo waliongea. Naibu hakumtaja Mtume hata mara moja. Aliuliza kuhusu chuo cha ualimu, nani alipika vibaya huko, nani aliimba. Aliuliza kuhusu mume, akamwacha alie. Moraa alikabidhiwa kazi ya kushika mkebe wa pini, na kila wiki Naibu alimtazama mtoto yule kifua kinavyopanda na kushuka.

Nilimwuliza Naibu mbona hasemi neno. Muda ulikuwa unakwenda.

"Mtu haendi kwa Mtume kutafuta Mungu, Mwalimu. Mungu alikuwa naye hapa. Anaenda kutafuta mahali wataona kama hayuko. Sasa mimi kila wiki nataka aone kwamba nisipomkuta kwa kibanda, gauni yangu imekwama."

Lakini subira yake ilikuwa na mpaka, na mpaka huo niliuona mchana mmoja nilipokuwa nimesimama sokoni. Moraa alibanwa na kifua pale pale kibandani. Midomo ilianza kugeuka rangi. Naibu akainuka na gauni lake la pini, akamchukua mtoto mgongoni. Kwamboka akasimama mlangoni, mikono imeshika miimo.

"Naibu, Mtume amekataza."

"Mtume hayuko hapa. Hapa niko mimi, uko wewe, na mtoto hapumui. Toka mlangoni, mwanangu."

"Imani yangu..."

"Imani yako tutaongea. Kwa mtu mzima mimi niko na subira mpaka mwisho wa dunia. Kwa mtoto sina hata ya dakika moja. Toka!"

Kwamboka akatoka. Naibu alikimbia kuteremka hadi zahanati, pini zikimchoma, na dada yangu akimfuata nyuma na utepe wa kupimia ukimning'inia shingoni. Muuguzi alimwekea mtoto dawa ya kuvuta. Pumzi ilirudi. Kwamboka akaketi sakafuni, akamshika Moraa miguu. Tangu siku hiyo Naibu alimwambia wazi kwamba mtoto atapata dawa na atarudi shule, na akikaidi, sheria itaingia. Dada yangu alikubali yote mawili kwa kichwa kilichoinama. Sisi tukadhani imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Basi la Mtume lilikuja Jumatatu asubuhi, likaegesha kwenye uwanja wa soko. Watu wa Lango walipanda na mabunda yao: fundi wa kujenga, mwanamke mwenye ng'ombe wa maziwa, mwimbaji wa kwaya ya kanisa letu, wazee, wenye watoto. Kwamboka alipanda na Moraa. Mtume mwenyewe alikuja, mtu mwembamba mwenye shati jeupe, akasimama kwenye mlango wa basi.

Mkuu wa kituo cha polisi alifika na askari wake na alitaka kumaliza upesi. Naibu hakuwa na kaki siku hiyo, alikuwa amejifunga leso kubwa kutoka mabegani hadi magotini. Alimvuta mkuu kando, na mimi nikawa karibu.

"Watoto hawatoki hapa," akasema. "Hapo mimi na wewe tuko pamoja. Lakini wakubwa, ukiwashusha na rungu leo, kesho wataenda kwa miguu usiwaone. Nipe nafasi kidogo."

"Naibu, dereva akiwasha gari?"

"Akiwasha, simama mbele. Wewe ni mnene, hatapita."

Mkuu akacheka bila kupenda, akampa nafasi. Kumbe Naibu alikuwa amezunguka nyumba zetu tangu kulipopambazuka, na simu yake imemalizika chaji. Watu aliowaita wakaanza kuja. Mzee mmoja alikuja na fimbo hadi kwenye dirisha la basi. "Fundi, ukuta wangu umeacha madirisha wazi. Mvua ya jana ilinikuta kitandani. Mwingine akija kumalizia atakosea kipimo chako." Mwanamke mmoja alikuja mbio, matope hadi magotini. "Mama, ng'ombe wako amelala chini, miguu ya ndama imetokea, na mimi sijui kuvuta!" Kwaya ya kanisa letu ilikuja nzima, ikasimama, na mwalimu wao akasema, "Sisi hatuna neno. Sauti ya nne tu haipo."

Mtume akapaza sauti. "Msitazame nyuma! Hao ndio nilisema watakuja!"

Hapo Naibu akafungua leso.

Alikuwa amevaa gauni la kijani. Lilikuwa na mkono mmoja. Mkono wa pili haukuwepo, bega lilikuwa wazi, chaki nyeupe ilikuwa imechorwa mgongoni, na pini ziling'aa kiunoni. Soko zima liliangua kicheko. Naibu, mama mzima, kiongozi wa serikali, akasimama chini ya dirisha la dada yangu, akainua mkono ulio uchi.

"Kwamboka! Harusi ni Jumapili. Utaniacha hivi?"

Dada yangu alitoa kichwa nje, na uso wake haukuwa wa mfuasi wa mtu yeyote. Ulikuwa wa fundi aliyekasirika.

"Naibu! Si nilikuambia usilivae kabla sijamaliza!"

"Basi shuka umalize."

Kicheko kikakatika. Mtume akamwambia Kwamboka afunge dirisha. Dada yangu alikuwa akilitazama bega la Naibu.

"Mshono wa pembeni umeachia," akasema kwa sauti ya chini. "Watu wataona kazi yangu." Kisha akainuka, akamshika Moraa mkono, akapita katikati ya viti. Mtume hakumpisha mlangoni. Kwamboka akamwambia, "Samahani, nina kazi," na akampita.

Alipokanyaga chini, mama yetu alipiga vigelegele ambavyo sijawahi kuvisikia kwake, hata kwenye harusi yangu. Mwanamke wa ng'ombe alikuwa tayari anakimbia barabarani, bunda limebaki ndani. Fundi alishuka akiuliza ni dirisha lipi hasa. Mwimbaji alishuka akilia, kwaya ikamzingira. Baada yao wengine walishuka kwa sababu wenzao wameshuka, maana hivyo ndivyo walivyokuwa wamepanda. Dereva akachomoa ufunguo, akaenda kunywa chai. Waliobaki ndani walikuwa wachache, na askari waliwachukua watoto wao kwa upole, na wazazi wakawafuata watoto. Mtume alibaki peke yake kwenye basi la viti vitupu, akiwahubiria viti. Polisi walimchukua kwa ajili ya watoto aliowanyima shule na dawa. Kesi ilipofika mahakamani, dada yangu na wenzake walisimama wakasema waliyoyaona, na akahukumiwa kifungo.

Harusi haikuwepo. Kwamboka aliligundua hilo Jumapili, mkono wa pili ukiwa umekamilika, akaenda kwa Naibu amefura. Naibu alikuwa amevaa gauni, amejipaka mafuta, anajitazama kwenye kioo. "Harusi itapatikana," akasema. "Kwetu hazikosekani." Wakatoka wakaenda harusi ya watu wasiowajua, wakala vizuri.

Sikumwona Naibu akikasirika kama alivyokasirika wiki chache baadaye. Vijana sokoni walikuwa wamewabandika walioshuka jina la "abiria", na watoto wakaimba. Kwenye baraza aliwasimamisha watu wote, wazee kwa vijana. "Usimwite mtu mjinga kabla hajarudi, kwa sababu atarudi wapi? Na akisharudi, usimwite pia. Wewe hujui zamu yako ni lini." Akakaa. Hakuna aliyeimba tena.

Watu walipomsifu kwa siku ile ya basi hakufurahi sana. Kulikuwa na kijana mmoja, fundi wa simu, aliyeondoka mapema kumfuata Mtume kwa njia nyingine, kabla hatujajua. Naibu aliweka namba yake, na kila Jumapili alimpigia. Kila Jumapili mashine ilimjibu kwamba mteja hapatikani. Alisikiliza sentensi yote hadi mwisho, ndipo akakata.

Alistaafu, akahamia kwa mwanawe upande wa Nyansiongo, akafuga ng'ombe. Tulionana kwenye mazishi na harusi. Mwaka uliopita ndipo nilipomwona vizuri tena. Kaunti yetu na ya jirani, Kisii, zilikuwa zimewaita machifu na manaibu wao kwenye ukumbi mmoja mjini Kisii, kuzungumza juu ya vijana wanaovutwa kwa simu, wengine na wahubiri, wengine na watu wanaowaahidi mshahara wa vita nje ya mpaka. Aliyesimama mbele kuwafundisha alikuwa dada yangu. Aliajiriwa hatimaye, anafundisha shule ya msingi, na kamati za maeneo humwita kusema. Alikuwa amevaa miwani. Alisema habari zake zote bila kujificha, mbele ya ukumbi uliojaa kaki. Nilikuwa nimeketi nyuma kando ya Naibu, mwenye mvi kichwa kizima. Alimsikiliza akiwa amekunja ngumi mapajani, kama mama anayemtazama mwanawe akikimbia mbio za shule.

Chakula kilipoletwa, naibu mmoja kijana, mwanamume wa upande wa Borabu, alikuja mezani kwetu. Aliinama, akamwita kwa lugha yetu kama aitwavyo mama mzee.

"Omong'ina, samahani. Nina kijana kwangu. Ameacha kula na wazazi. Anakula chumbani na simu. Amemwambia mdogo wake ataondoka. Naomba namba yako nikupigie wiki ijayo."

"Wiki ijayo?" Naibu akaweka kijiko chini. "Ameacha kula na wao lini?"

"Jumapili."

"Na leo?"

"Leo ni Alhamisi."

"Basi wewe umeshachelewa, na mimi nimechelewa na wewe. Umekuja na nini?"

"Pikipiki."

"Itatubeba?"

"Omong'ina, chakula..."

Alikuwa ameshasimama. Kwamboka, aliyekuwa meza ya wakubwa akisalimiwa, alimwona tu akitafuta mkoba, akawaacha wakubwa mkono ukiwa hewani, akaja. Hawakuulizana. Niliwatazama kupitia dirishani wakibishana nani akae katikati. Nilibaki na sahani zao, nikala zote.

Jioni simu ililia. Ilikuwa Kwamboka, na nyuma yake palikuwa na kelele za vyombo na watu.

"Mmempata?"

"Tumempata. Alikataa kufungua mlango. Naibu akaketi chini hapo nje akamwambia simu yake imekwama, hawezi kumpigia mwanawe, na hapa hakuna mtu anajua simu."

"Akafungua?"

"Akatoa mkono tu, aichukue. Kisha akatoka kumwonyesha. Naibu akaanza kumsimulia habari ya bata mzinga."

Nikasikia kicheko kikubwa cha kijana, kicheko cha mtu aliyepaliwa na ugali, na wengine wakimpiga mgongoni.

"Nani huyo anacheka hivyo?" nikauliza.

"Ndiye," akasema dada yangu. "Yuko mezani."